Mlenda wa Kondoa na Heshima ya Mgeni

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea Babati mwezi wa Januari huiona nchi ikiwa katika vazi lisilo la kawaida yake. Kuanzia Juni hadi Novemba nchi ile huwa ya hudhurungi: vumbi, mibuyu iliyopukutika majani, na mito ya mchanga isiyo na tone la maji. Mvua za kwanza zikishuka, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ardhi hupasuka. Na kabla mahindi hayajafika magotini, kando ya kila shamba huwa yamekwishachipuka majani ambayo hakuna mkulima aliyeyapanda. Katika Sura ya Abasa Mwenyezi Mungu (s.w.) anamtaka mwanadamu akitazame chakula chake: namna maji yanavyomiminwa, ardhi inavyopasuliwa, kisha nafaka, mboga na matunda yanavyooteshwa. Aya hizo wengi wetu tulizihifadhi tukiwa watoto. Kondoa wakati wa masika mtu huzisoma kwa macho, juu ya ardhi yenyewe.

Kutoka Dodoma hadi mjini Kondoa ni kiasi cha kilomita 160. Barabara hupita katika wilaya ya Chemba, kisha huanza kuikaribia milima ya Irangi, makazi ya Warangi. Kondoa ni mji wa siku nyingi. Misafara ya biashara kutoka pwani ilifika huku, na pamoja na bidhaa ukaja Uislamu, hata leo adhana husikika kijiji baada ya kijiji. Kaskazini mwa mji, katika maeneo ya Kolo, ipo michoro ya kale ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Milima hii iliwahi pia kuwa mfano wa nchi iliyoharibika. Makorongo yalichimbika mno hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoathirika zaidi ili nyasi na miti ipate kurudi. Katika nchi ambayo udongo wake ulikaribia kwisha, jani linalojiotea lenyewe si jambo dogo.

Tulikwenda huko tukiwa watu watano wa msikiti wetu: mwenyekiti wa kamati, mweka hazina, katibu, na dada zetu wawili wa jumuiya ya wanawake. Safari ilikuwa ya kukabidhi mabati, misahafu, na fedha ya chakula kwa madrasa moja ya bweni iliyo katika kijiji cha milimani. Madrasa hiyo inalea watoto wapatao arobaini. Fedha ya chakula imekuwa ikinunua unga wa mahindi, maharage, na kabichi inayopandishwa na gari kutoka mjini. Tulikwenda kwa ajili ya paa, tukarudi na mazungumzo marefu kuhusu chungu. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu wa familia.

CHUNGU KILICHOFUNIKWA

Wenyeji walituandalia wali na kuku, nasi tukaketi barazani pamoja na shekhe wa kijiji na walimu wa madrasa. Dada zetu, kama ilivyo desturi, waliingia jikoni kuwasaidia akina mama. Huko, nyuma ya masufuria makubwa, wakakuta chungu kidogo kilichofunikwa kwa sahani, na pembeni yake ugali wa uwele ndani ya kikapu. Wakauliza kuna nini. Kukawa na kimya kifupi, kisha bibi mmoja, ambaye ndiye mkubwa wa jiko lile, akawajibu:

"Hicho ni chetu, wanangu. Cha wageni ni hiki cha wali."

Kilikuwa chungu cha mlenda. Jamaa wa nyumba ile wangeula baada ya wageni kuondoka, faragha, kana kwamba kuna aibu ndani yake. Dada mmoja akaomba uletwe barazani pamoja na wali. Akina mama wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha. Alipoomba mara ya pili, mmoja wao akatoka kwenda kumuuliza shekhe.

Shekhe hakupendezwa. "Mwenyekiti," alisema kwa upole, "mgeni hapewi mlenda. Watu wakisikia kamati imekuja na mabati nasi tukawalisha mlenda, watasema tumewavunjia heshima."

Mwenyekiti wetu akamkumbusha kisa anachokijua kila mwanafunzi wa hadithi, kilichopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Fundi cherehani mmoja wa Madina alimwalika Mtume (s.a.w.) kwa chakula. Hakuwa tajiri. Alichoandaa ni mkate wa shayiri, na mchuzi wenye mung'unye na nyama iliyokaushwa. Anas, aliyefuatana na Mtume (s.a.w.), alimwona akivifuata vipande vya mung'unye pande zote za sahani, na tangu siku ile Anas naye akaupenda mung'unye maisha yake yote. Mgeni mbora kuliko wageni wote aliwekewa mboga ya shambani, naye akaitafuta kwa mkono wake ndani ya sahani. Je, fundi yule alivunja heshima ya mgeni?

Shekhe akatabasamu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi uleteni."

Ukaja. Ulikuwa wa kijani kizito, umechanganywa na karanga zilizotwangwa na nyanya, ukivutika kama ilivyo tabia yake. Ugali wa uwele, wa rangi ya kijivu na ladha iliyokaribia ya njugu, ulichovywa humo, tonge likateremka lenyewe. Asiyeuzoea mlenda husumbuliwa na ule utelezi; aliyeuzoea hujua kuwa utelezi huo ndio unaolifanya tonge kavu lipite kooni bila ya mafuta mengi. Chungu kilikwisha kabla ya sinia la wali.

MAJANI YASIYOPANDWA

Kesho yake, baada ya Sala ya Alfajiri, bibi yule alikubali kutupitisha mashambani. Tulimwamkia, akaitikia "marahaba, wanangu," akatangulia mbele na ungo mkononi. Kwa mwendo wa saa moja tulijifunza mengi.

Kwanza, neno mlenda si jina la mmea mmoja. Bibi alituonyesha mmoja wenye majani membamba yenye meno pembezoni na maua madogo ya manjano, kisha mwingine wenye maua ya zambarau hafifu, jamaa ya ufuta. Yote miwili huitwa mlenda kwa sababu hutoa utelezi inapopikwa. Huchumwa majani machanga ya juu, na shina huachwa lichipue tena.

Pili, mlenda hauko peke yake. Upo mgagani, wenye vijani vitano vilivyopangika kama vidole vya kiganja, harufu kali, na uchungu ambao watoto huukimbia na wazee huutafuta. Upo mnavu. Upo mchicha pori, ambao kwa mkulima wa alizeti ni magugu na kwa mama mwenye watoto ni kitoweo. Yapo pia majani ya mimea iliyopandwa kwa kusudi jingine: majani ya kunde, ambayo huchumwa kabla maua hayajatoka, na majani ya maboga, ambayo humenywa nyuzi zake ngumu kabla ya kukatwakatwa.

Tatu, kila kimoja kina wakati wake. Mlenda na mgagani huwahi. Huja na mvua za mwanzo, wakati ghala limekaribia kwisha na mavuno mapya bado yako mbali. Kunde na maboga hufuata. Mwenyezi Mungu amepanga mboga zije kabla ya nafaka, katika miezi ile ile ambayo njaa hubisha hodi.

"Hii hapa," bibi alisema akilishika jani la mgagani, "imelea watu wengi mwaka wa njaa. Watu wakishiba wanaisahau."

MEZANI KWA WATU WA MISRI

Mmoja wa walimu wetu chuoni alisoma Misri, na alikuwa akitusimulia juu ya mboga iitwayo mulukhiya, ambayo Mmisri akiwa ughaibuni huikumbuka kabla ya kitu kingine chochote. Mulukhiya ni mmea ambao wanasayansi huuita Corchorus olitorius, nao ni mmojawapo wa mimea tunayoiita mlenda nchini mwetu. Jani tunalolificha Kondoa ndilo hilo hilo ambalo mjini Cairo huwekwa mbele ya mgeni kwa fahari.

Namna wanavyoipika inastahili kusimuliwa. Majani huchambuliwa na kukatwa laini mno kwa kisu cha upinde chenye mipini miwili, kinachobembezwa huku na huku juu ya ubao. Kisha hutiwa ndani ya supu ya kuku au ya sungura iliyokwisha kuchemka. Pembeni, vitunguu thomu vilivyopondwa hukaangwa pamoja na mbegu za giligilani zilizosagwa mpaka harufu ijae nyumba, na vyote humiminwa ndani ya mulukhiya vikiwa bado vya moto. Huliwa kwa wali au kwa mkate.

Mboga hii ina hata historia ya kisiasa. Al-Hakim bi-Amrillah, mtawala wa Kifatimi aliyeshika madaraka Misri tangu mwaka 996 hadi 1021, aliwapiga watu marufuku kuila; na wanahistoria, akiwemo al-Maqrizi, wakaliandika jambo hilo. Sababu inayotajwa ni kwamba ilikuwa ikipendwa na Muawiya, ambaye Wafatimi hawakumtaka. Mtawala akaondoka, mulukhiya ikabaki.

Kisa hicho tulimsimulia shekhe usiku ule. Akauliza mara mbili, "Mlenda huu huu?" Tukamwambia, ndiyo, jamaa yake wa damu. Akasema kwamba basi aibu haikutoka kwenye jani. Nasi tunaona hivyo hivyo: aibu ya chakula hutengenezwa na watu, na watu wakitaka wanaweza kuiondoa.

NENO LA MAMA MMOJA

Lakini lilisemwa neno jingine, nalo tunalieleza kwa sababu ni la haki. Tulipokuwa tukiusifu mlenda mbele ya akina mama, mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, alisema bila ya kupandisha sauti:

"Ustadhi, ninyi mnausifu kwa kuwa kesho mnaondoka. Sisi tunaula tangu Desemba, mchana na usiku, na siku nyingine ni kwa chumvi tupu. Mtoto akiuona tu analia."

Hakuna aliyemjibu haraka. Ni rahisi kwa mtu wa mjini, mwenye samaki siku moja na nyama siku nyingine, kuziimba sifa za mboga ya porini. Anayeila kwa kukosa chaguo ana haki ya kuichoka. Tena kazi ya kuchuma na kuchambua huwaangukia akina mama na mabinti, na ungo mmoja wa majani ukipikwa hunywea ukawa bakuli moja.

Tulipolitafakari neno lake tuliona kwamba limebeba pia jawabu. Alichokitaja kwa uchungu ni chumvi tupu. Chungu tulichokula sisi barazani kilikuwa na karanga na nyanya, na cha nyumbani kwake siku nyingi hakina. Kwa lishe, tofauti hiyo ni kubwa. Majani ya kijani kilichokolea yana vitamini A, lakini mwili huichukua vizuri pale yanapoliwa pamoja na mafuta, hata yale yaliyomo ndani ya karanga au ufuta. Yana madini ya chuma, ambayo ni damu ya mama mjamzito na ya binti aliyebaleghe, lakini chuma cha majani huingia mwilini kwa wepesi zaidi kukiwapo kitu chenye uchachu kama nyanya, ndimu au ukwaju. Karanga huongeza protini, ambayo majani peke yake hayatoshi kuitoa. Wazee waliotia karanga na nyanya ndani ya mlenda hawakusoma vitabu vya lishe, lakini walikijua walichokifanya. Kwa hiyo mama yule hahitaji kuhubiriwa mapenzi ya mlenda. Anahitaji karanga.

Hapo ndipo fedha ya kamati ilipoingia katika mazungumzo. Mweka hazina alikumbusha kwamba kabichi ya madrasa hununuliwa mjini, hulipiwa nauli, na hufika imenyauka. Kabichi ni halali na ni chakula kizuri, lakini kwa vitamini A na chuma haiufikii mkono wa majani ya kijani kilichokolea. Tulikuwa tukiwanunulia watoto wa Kondoa, kwa gharama kubwa, mboga iliyo dhaifu kuliko ile inayoota nyuma ya bweni lao.

GHALA LA BIBI

Shekhe akatoa hoja ya mwisho, nayo ilikuwa ya maana: mvua ikikatika, majani nayo hukatika. Mwezi wa Agosti utamwambia nani akachume mgagani?

Bibi hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na kibuyu na mfuko wa kitambaa. Ndani ya kibuyu mlikuwa na unga wa kijani, laini kama hina: mlenda uliokaushwa na kutwangwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na majani ya kunde yaliyokauka. Vyote vilikuwa vya msimu uliopita, na havikuwa na harufu mbaya wala mdudu.

Namna yake ni hii. Mlenda huchumwa asubuhi, ukachambuliwa, ukatandazwa juu ya mkeka safi kwa utandu mwembamba, ukageuzwa mara kwa mara hadi jani livunjike mkononi. Kisha hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa. Majani ya kunde huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yakachujwa, ndipo yakaanikwa. Bibi huanika kivulini, mahali penye upepo, na kwa hili elimu ya lishe inakubaliana naye, kwani jua kali la moja kwa moja huipunguza vitamini A. Kisha huhifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mwanga.

Tulimkumbuka Nabii Yusuf (a.s.), aliyewashauri watu wa Misri waweke akiba wakati wa neema kwa ajili ya miaka ya dhiki, na nafaka waiache katika masuke yake isiharibike. Kuhifadhi chakula ni elimu, na mjuzi wake ni mlinzi wa watu. Lakini bibi alitueleza jambo lililotuhuzunisha. Wajukuu zake wa kike wanajua kuula mlenda wa unga, ila hakuna hata mmoja anayejua kuukausha. Wamekwenda shule, wanarudi jioni, na wakati wa kuchuma ni asubuhi. "Nikifa," alisema, "kibuyu hiki watafugia kuku maji." Alicheka, nasi tukacheka pamoja naye, lakini hatukusahau.

Hili halihusu Kondoa pekee. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwa kikifanya kazi karibu na Arusha tangu mwaka 1992, na miongoni mwa kazi zake ni kukusanya na kuhifadhi mbegu za mboga za asili za Afrika. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi na kuwarudishia watu hamu ya kuzila. Na leo mgagani na mnavu huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Mbegu inaweza kuhifadhiwa katika jokofu la watafiti. Ujuzi wa mkono wa bibi hauna jokofu. Huhifadhiwa kwa kufundishwa tu.

TULIYOKUBALIANA

Kabla ya kuondoka tulikaa na shekhe, walimu na wawakilishi wa akina mama, tukaafikiana mambo matatu, nayo yameandikwa katika daftari la kamati.

La kwanza, fedha iliyokuwa ikinunua kabichi katika miezi ya kiangazi itanunua mlenda mkavu na majani makavu ya kunde kutoka kwa akina mama wa kijiji kile, kwa bei iliyokubaliwa mbele ya shekhe na kulipwa mkononi mwao. Jasho la aliyechuma lina haki yake.

La pili, kila mavuno ya karanga yatakapofika, kamati itanunua magunia kwa ajili ya jiko la madrasa, ili mlenda wa watoto usiwe wa chumvi tupu.

La tatu, mabinti wa madrasa watajifunza kuchuma na kukausha kwa bibi kila Alhamisi alasiri katika msimu wa mvua, na wavulana watakwenda pia, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao.

Shekhe aliongeza sharti lake: "Mkija tena, msije mkasema hatukuwachinjia kuku." Tukakubali.

KWA JIKO LA NYUMBANI

Msomaji wa mjini hahitaji kusafiri hadi Kondoa. Unga wa mlenda huuzwa katika masoko ya Dodoma, na wasafiri huubeba hadi miji mingine. Mgagani, mnavu, majani ya kunde na ya maboga hupatikana kwa wauza mboga wakati wa mvua. Haya ndiyo mapishi tuliyofundishwa.

Mlenda mbichi wa karanga: Chambua na uoshe majani, uyakate. Chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na kitunguu kimoja na nyanya tatu zilizokatwa. Tia majani na bamia chache ukipenda, ukoroge kwa upekecho au mwiko kwa dakika chache hadi yalainike. Koroga kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa katika maji kidogo, umimine, uache ichemke taratibu kwa dakika kumi huku ukikoroga isishike chini. Tia chumvi, na ndimu baada ya kuepua. Wengi hutia magadi ili majani yalainike upesi; yatosha kiasi cha ncha ya kijiko, kwani magadi yakizidi huharibu baadhi ya vitamini.

Mlenda wa unga: Tengeneza mchuzi huo huo, kisha nyunyiza unga wa mlenda kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, huku ukipekecha ili usifanye mabonge. Acha kuongeza ukishaona mchuzi unavutika. Huiva kwa dakika tano.

Mgagani wa maziwa: Changanya mgagani na majani ya kunde au mchicha, nusu kwa nusu, ili uchungu upungue bila ya kumwaga maji yenye virutubisho. Chemsha kwa maji machache na chumvi hadi ulainike, tia kikombe cha maziwa, uache juu ya moto mdogo hadi maziwa yapungue. Mgagani uliolala hupendeza zaidi, ila uhifadhiwe mahali pa baridi na upashwe moto vizuri.

Yapo pia ya kuangalia. Usichume kandokando ya mitaro ya maji machafu wala barabara kuu, wala shambani kulikopulizwa dawa. Watoto wasichume peke yao, kwani katika magugu hayo umo mmea wenye sumu, wenye maua marefu meupe mithili ya tarumbeta, ambao ukiwa mchanga huweza kudhaniwa ni mboga. Matunda mabichi ya mnavu yasiliwe. Na chai isinywewe papo hapo baada ya mlo wa mboga hizi, kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini. Isubiri kwa muda wa saa moja hivi.

Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, Ramadhani huizunguka misimu yote, na miaka hii imeangukia katika msimu wa mvua za Kondoa. Meza zetu za futari huwa na sambusa, kaimati, mihogo na magimbi, na mara nyingi hazina hata jani moja la kijani. Tunawaomba akina mama, na akina baba wanaokwenda sokoni, waiwekee nafasi bakuli moja ya mboga hizi juu ya mkeka, na siku wakialikwa wageni wasiifunike kwa sahani. Mwenye bibi anayejua kukausha mboga na aketi naye msimu huu angali yupo, ajifunze kwa mkono wake, kisha amfundishe mwingine.

Wabillahi tawfiq.